Abasia (monasteri kubwa) ya Melk na mvinyo wa Dürnstein kwa siku moja: mambo ya kuzingatia kabla

Kati ya miji ya Melk na Krems nchini Austria, mto Danube unapita bonde la Wachau kwa takriban kilomita 36. Jambo la kwanza la kuamua ni upande wa kusafiri. Panda treni asubuhi kutoka Vienna hadi Melk, kisha ushuke na maji kwa meli. Kushuka hadi Krems huchukua chini ya saa mbili. Kupandisha mto ni karibu saa tatu, kwa sababu meli inashindana na mkondo. Anayeanzia Krems hufika abasia mwishoni mwa safari hiyo ndefu, amechoka.

Meli za abiria hufanya kazi takriban Aprili hadi Oktoba. Usiku wa kuamkia safari angalia hali ya mto: maji yakijaa kupita kiasi meli husimamishwa, kama ilivyokuwa kwenye mafuriko ya Septemba 2024. Weka akiba ya ratiba ya basi la bondeni.

Abasia ilianzishwa mwaka 1089, na jengo tunaloliona leo lilijengwa upya kuanzia 1702 chini ya msanifu Jakob Prandtauer. Watawa bado wanaishi humo, wakifuata kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto kama wenzao wa Peramiho na Ndanda nchini Tanzania. Kwa hiyo funika mabega, na usitegemee kupiga picha ndani ya maktaba. Tenga saa mbili, bila kuhesabu kushuka gatini, ambako ni mwendo wa robo saa au zaidi. Ngazi na mawe ya barabarani huteleza mvua ikinyesha. Vaa viatu vya soli ya mpira.

Shukia Dürnstein, mji mdogo kando ya mto kabla ya kufika Krems, kwa ajili ya mvinyo, na hapa ndipo wengi huharibu siku. Kuonja mvinyo aina tano, mililita 50 kila moja, ni robo lita, yaani theluthi ya chupa. Kula kwanza, kunywa maji kila baada ya glasi, na tumia ndoo ya kutemea bila haya. Imewekwa kwa kazi hiyo. Mvinyo mweupe wa Wachau una madaraja matatu: Steinfeder hauzidi asilimia 11.5 ya kileo, Federspiel hufika 12.5, na Smaragd huanzia hapo kwenda juu. Onja kwa mpangilio huo, la sivyo ule mzito utaufanya mwepesi uonekane maji matupu. Asiyekunywa pombe aombe Traubensaft, juisi ya zabibu.

Vilabu vya wakulima, Heuriger, hufunguliwa kwa zamu. Kitawi kikining'inia mlangoni, pako wazi. Beba euro taslimu, maana si kila mahali wanapokea kadi. Chupa utakazonunua zifunge kwa nguo na uziweke kwenye begi kubwa: kwenye mzigo wa mkononi, kimiminika kinachozidi mililita 100 kwa kawaida huzuiwa uwanja wa ndege.