Njaa na kura: namna ninavyolifundisha somo hili kwa saa moja

Nafundisha historia Katuba, hapa Lubumbashi. Kila mwaka tukifika Ujerumani ya Hitler nauliza kwa nini Wajerumani walimpigia kura, na darasa hunipa jibu moja: "Walikuwa na njaa, Mwalimu." Si uongo, ila halitoshi. Wadogo zangu mnaoanza kazi na kuniomba daftari, mimi hufanya hivi.

Usianze na Ujerumani. Natoa noti ya zaïre (sarafu yetu ya zamani hapa Kongo) milioni tano ya mwaka 1992 niliyoachiwa na baba, inazunguka benchi kwa benchi. Watoto wanauliza ilinunua magari mangapi. Nawaambia wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakaanza kupora mji. Wakinyamaza, naandika: Novemba 1923, dola 1 = marki 4,200,000,000,000. Mtoto mmoja ahesabu sifuri kwa sauti.

Hapo ndipo walimu wengi wanapoteleza. Wanaruka kutoka noti zile moja kwa moja hadi Hitler mtawala, kama vile ilikuwa wiki ileile. Novemba 1923 Hitler alijaribu mapinduzi München, akashindwa, akafungwa. Sarafu mpya ikatuliza bei. Mei 1928 chama chake, cha Wanazi, kikapata asilimia 2.6 ya kura. Izungushie duara namba hiyo, maana watoto huisahau haraka.

Kisha chora safu mbili. Kushoto wasio na kazi: milioni 1.3 Septemba 1929, milioni 3 Septemba 1930, karibu milioni 6 mwanzoni mwa 1932. Kulia asilimia ya kura za Wanazi: 2.6, halafu 18.3 Septemba 1930, halafu 37.3 Julai 1932. Safu zinapanda pamoja, na darasa linafurahi kwamba limeshinda. Waache wafurahi. Halafu uliza: basi hao milioni sita ndio waliompigia Hitler?

Hapana. Wengi waliopoteza kazi viwandani walielekea zaidi kwa Wakomunisti. Hitler alivuna kwa wakulima Waprotestanti, wenye maduka madogo, wazee wa pensheni, watu waliokuwa bado na kitu na wakilala wakiogopa kukipoteza. Schleswig-Holstein, jimbo la kaskazini ambako mashamba yenye madeni yalinadiwa, walimpa zaidi ya nusu ya kura Julai 1932. Wakati huohuo serikali ya Chansela Brüning ilikuwa imekata mishahara na misaada na kupandisha kodi, kwa amri za rais. Mkulima akiuliza kwa nini, anaelezwa habari za bajeti. Wanazi wao walimtajia watu: Wayahudi, na wanasiasa waliodaiwa kuiuza nchi.

Hapa naweka chaki chini na kuwasimulia ya nyumbani kwetu.

Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na shaba iliyokuwa ikipita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikashuka chini ya 50,000 mwaka 1993. Sisi watoto hatukujua tani. Tulijua gunia la posho: lilichelewa, likaja nusu, halikuja tena. Mama akaanza kuuza makala, yaani makaa ya kupikia. Kwa muda mrefu baba hakumlaumu mtu. Jioni moja akarudi kutoka mkutanoni, akasema jirani tuliyepakana naye ukuta ndiye anayekula posho yetu. Yule jirani, ambaye mkewe alitukopesha chumvi, na ambaye gunia lake lilikuwa tupu kama letu! Alikuwa ametoka Kasai, eneo jingine la nchi yetu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai kwa malaki walifukuzwa Shaba (ndivyo mkoa wetu wa Katanga ulivyoitwa), na wengi walisubiri treni wiki nyingi kituoni Likasi. Jirani aliondoka na godoro na cherehani.

Darasani nasema "jirani" tu. Nawe chunga: wajukuu wa waliofukuza na wa waliofukuzwa wanaweza kuwa wanakaa benchi moja, kwa hiyo kabila lisiandikwe ubaoni kamwe. Andika maswali mawili: "Kwa nini gunia halikuja?" na "Nani amekula gunia?" Watafute, katika habari za Ujerumani, ni lini la pili lilimeza la kwanza. Ya nyumbani kwao watayatafuta wenyewe.

Dakika zilizobaki zinatosha mambo mawili. Marekani nako, mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, lakini wapiga kura walikuwa wamemchagua Roosevelt, si dikteta. Na Novemba 1932 Wanazi walishuka hadi asilimia 33.1; uchansela, yaani ukuu wa serikali, Hitler alikabidhiwa na Rais Hindenburg, tarehe 30 Januari 1933, baada ya Papen, chansela wa zamani, na wenzake kudhani watamshika mkono wamwongoze. Kengele ikilia kabla ya hapo, lisukume somo hadi wiki ijayo, usilikimbize.

Kazi ya nyumbani: mtoto amuulize mzee mmoja ni mwaka gani meka (kipimo cha sokoni) ya unga ilimshinda kununua, na siku hizo watu walimlaumu nani. Pokea majibu kwa maandishi, usiyasome kwa sauti. Mwaka jana mvulana mmoja alileta mstari mmoja: "Bibi amesema nimuulize siku nyingine." Nilimpa alama zote.