Kufunga Nzi Wadogo wa Kuvulia kwa Vifaa Vinavyopatikana Dodoma

Mvuvi wa ndoano anayekwenda Bwawa la Hombolo au Mtera hubeba minyoo, donge la ugali, au kipande cha sabuni kwa ajili ya kambale. Perege ana mlo mwingine pia. Sehemu kubwa ya chakula chake ni mwani na wadudu wachanga wa majini, wengi wao wakiwa wafupi kuliko punje ya mchele. Nzi wa kuvulia ni chambo bandia kinachofungwa juu ya ndoano kwa uzi, manyoya na waya ili kifanane na wadudu hao. Mwongozo huu unahusu nzi wa ndoano namba 14 hadi 18, na anayeanza akumbuke kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyozidi kuwa ndogo. Katika ukubwa huo karibu kila kasoro huzaliwa na jambo moja, nalo ni kuweka vitu vingi mno juu ya ndoano.

Vifaa vya kushikia havihitaji gharama kubwa. Jiliwa dogo la fundi saa au la sonara linatosha, mradi meno yake yabane ndoano kwenye mpindo bila kuiacha icheze. Kabla ya kuifunga ndoano, kandamiza kijino chake, yaani kile kichomo kidogo kilicho karibu na ncha, kwa koleo lenye midomo laini, kwa sababu kijino kilicholala humwachia samaki jeraha dogo na huruhusu ushanga kupita. Utahitaji pia mkasi mdogo wenye ncha kali ambao hutautumia kukatia waya hata siku moja, sindano, na taa inayomulika kutoka ubavuni. Tandika karatasi nyeupe chini ya jiliwa. Uzi na ndoano ndogo huonekana vizuri zaidi juu yake.

Uzi ndio unaoamua kama kazi itafaulu. Uzi wa kawaida wa cherehani ni mnene kwa ndoano namba 16: mizunguko kumi tu hujenga kitako kinachoharibu umbo zima. Mafundi wa nguo wana uzi laini wa ovaloki ambao nyuzinyuzi zake hulala bapa, na huo unafaa zaidi ikiwa hukupata uzi maalumu wa deniya 70 (deniya ni kipimo cha unene wa uzi). Kabla ya kufunga chochote, zungushia uzi kwenye ndoano tupu na uvute taratibu mpaka ukatike, kisha urudie mara kadhaa. Vidole vitajifunza wapi ulipo mpaka wa uzi huo, na kazi yote ifanyike karibu na mpaka huo bila kuuvuka. Uzi unaoning'inia husokotwa kidogo kila unapouzungusha. Ukitaka ulale bapa, uache bobini, yaani kishikio cha uzi, ining'inie na uizungushe kinyume cha mshale wa saa, ukitazama kutoka juu, hadi msokoto ufunguke. Ukitaka ushike kwa nguvu mahali pamoja, usokote upya. Unapohitaji mikono yote miwili, kibanio cha nguo kilichobana uzi chini ya ndoano kitautunza usilegee.

Manyoya yapo tele kwa wafugaji. Shingo ya jogoo wa kienyeji hutoa manyoya magumu yanayosaidia nzi kuelea, na ya kuku jike ni laini, hutikisika ndani ya maji kama miguu ya mdudu, kwa hiyo ndiyo ninayoyapendelea kwa nzi wa kuzama. Kanga wa kufugwa ana manyoya mazuri yenye madoa meupe, lakini mengi ni marefu na magumu kwa ndoano ndogo. Chagua yale madogo kabisa, na uchambue nyuzi za upande mmoja zibaki za upande wa pili tu. Mkia wa bata mzinga hutoa nyuzi ndefu za kahawia kwa ajili ya mwili. Usichukue manyoya ya ndege wa porini, kwa kuwa wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na banda la kuku linakidhi haja yote ya fundi. Chukua kwa ndege wenye afya, wala si kwa kuku waliokufa kwa kideri. Yaoshe kwa sabuni, yakaushe kivulini, kisha uyahifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vidonge vya naftalini, la sivyo nondo watakumalizia akiba.

Waya mwembamba wa shaba hupatikana kwa mafundi wanaosuka mota za umeme, ambao hutupa waya uliokwisha kazi. Tafuta ulio karibu na unene wa unywele. Nta ya nyuki, inayotoka Kondoa na Manyoni, itatumika kwenye uzi. Shanga ndogo za kioo za mafundi wa shanga hufaa kwa kichwa, lakini chagua zenye tundu pana, kwa maana nyingi hukwama kwenye mpindo wa ndoano.

Anza na lava mwekundu, yaani mdudu mchanga mwenye umbo la funza. Lava wa baadhi ya visubi wasiouma, wale wanaozonga taa jioni kando ya maji, huishi katika tope la chini ambako oksijeni ni haba, na wekundu wao unatokana na himoglobini inayowasaidia kuishi humo. Weka uzi mwekundu nyuma tu ya jicho la ndoano (kitundu cha kufungia mshipi), ukiacha nafasi tupu yenye urefu wa jicho lenyewe. Nafasi hiyo ilinde mpaka mwisho. Laza waya wa shaba juu ya sehemu iliyonyooka ya ndoano na uufunge kwa mizunguko iliyogusana hadi mwanzo wa mpindo, kisha urudi mbele na uzi bapa ili mwili uwe laini na mwembamba. Sasa zungusha waya kuelekea mbele kwa mkondo ulio kinyume na wa uzi, mizunguko mitano au sita yenye nafasi sawa, ambayo itaonekana kama pingili za mdudu. Ufunge, kisha ukate kwa kuuchezesha huku na huku mpaka uvunjike, kwani kisiki cha mkasi hukereza uzi.

Nzi wa pili anatokana na Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza, aliyeacha uzi kabisa na kufunga kwa waya wa shaba pekee, ili waya huohuo uwe kamba na uzito. Alitumia nyuzi za mkia wa ndege aitwaye feza. Sisi tutatumia za bata mzinga. Jenga kivimbe kidogo cha waya mbele, mahali pa kifua. Shika nyuzi nne pamoja, ncha zake zichomoze nyuma ya mpindo kama mkia, na hapa tumia mshiko wa vidole viwili: banisha nyuzi na ndoano kati ya kidole gumba na cha shahada, pitisha waya juu katikati ya vidole hivyo ukiwa umelegea, kisha uvute moja kwa moja kuelekea chini bila kuachia. Ukivuta kwa ubavu, nyuzi zitazunguka ndoano na mkia utapinda. Mshiko huo ndio ufundi wenyewe, na ndio unaostahili mazoezi mengi kuliko jambo lolote jingine. Baadaye sokota nyuzi pamoja na waya, zungusha hadi mbele, zitenganishe, kisha kunja nyuzi peke yake juu ya kifua, nyuma na mbele, ukifunga kila mkunjo kwa waya.

Kwa mwili wenye manyoya ya sungura, paka uzi nta kidogo, gusisha manyoya machache sana, na uyasokote kwa vidole kuelekea upande mmoja tu. Ukisokota huku na huku yanafumuka. Ukiona yamezidi kidogo, yamezidi sana. Punguza nusu. Unyoya wa kuku jike mbele ya mwili huo uzungushwe mara moja, au mbili kwa wingi, na nyuzi zake zifike kwenye ncha ya ndoano.

Kwa nzi waliofungwa kwa uzi, fungia kichwa kwa fundo. Kata kipande kifupi cha mrija wa wino wa biro uliokwisha na ukioshe, zungusha uzi mara moja juu yake, vika tundu lake kwenye jicho la ndoano, kisha telezesha kitanzi kianguke nyuma ya jicho na ukikaze. Rudia mara tatu. Tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, likiwekwa kwa ncha ya sindano, linatosha. Katika hewa kavu ya Dodoma litakauka upesi. Hakikisha jicho halijazibwa.

Mtie nzi katika glasi ya maji kabla hujamfunga kwenye mshipi. Lava na nimfa (yule nzi wa pili, wa waya) wazame mara moja, vichwa vikitangulia, na nyuzi za unyoya zifunguke unapomvuta taratibu. Akizama akiwa amelala ubavu, mara nyingi mkia umefungwa upande. Nzi wa namna hiyo usimtupe: pasua uzi kwa wembe kando ya mpindo, vua kila kitu, na ndoano itakuwa tayari kufungwa upya.