Kukagua kitabu cha Vim kabla hujatoa hela

Ukitaka kununua kitabu cha Vim, ile programu ya kuhariri maandishi kwa amri za kibodi, usianze na nyota wala unene wake, anza na mwaka wa toleo, lakini uangalie kwa akili, maana humo ndani kuna vitu viwili na haviozi kwa spidi moja. Amri za kuhariri zenyewe zimetoka kwenye vi ya Bill Joy, programu iliyotangulia Vim, miaka ya 1970 huko, na dw inafuta neno mpaka leo, so sura hizo hata kitabu kikiwa cha zamani zinakufaa kabisa. Sura za plagini (programu ndogo za nyongeza) na setingi ndo zinachakaa haraka. Vim 8 ya 2016 ilikuja na njia yake yenyewe ya kupakia plagini, Vim 9 ya 2022 ikaleta lugha mpya ya skripti, halafu Neovim, tawi lililojitenga na Vim, toka toleo la 0.5 la 2021 ina LSP ndani kwa ndani (njia ya kupata msaada wa lugha ya programu unapoandika kodi) na setingi unaweza kuziandika kwa lugha ya Lua. Kitabu cha Neovim cha kabla ya hapo mi singenunua.

Baada ya hapo soma kurasa za bure. Ukikuta majedwali ya shotikati ukurasa baada ya ukurasa, achana nacho, hizo zimejaa mtandaoni. Kitabu kizuri kinakufundisha kuunganisha. Mfano una mstari huu:

jina = "Juma"

Kasa (kile kialama kinachoonyesha ulipo kwenye maandishi) ikiwa juu ya Juma ukibonyeza ci" jina linafutika, alama za kunukuu zinabaki, na uko tayari kuandika jingine. Mwandishi akiishia hapo amekupa nusu tu, anatakiwa akuonyeshe kwamba c ni kubadili, i" ni kilichomo ndani ya hizo alama, kwa hiyo di( (futa kilichomo ndani ya mabano) na yiw (kopi neno) unazitunga mwenyewe bila kukariri. Halafu nukta, ile inayorudia badiliko la mwisho, kama haipo sura za mwanzo nakuwa na wasiwasi na kitabu kizima. Practical Vim cha Drew Neil, toleo la pili la 2015, kinaanza na nukta moja kwa moja na ndo maana bado nakipendekeza, ila si cha mtu ambaye hajawahi kuigusa Vim.

Kama ndo hujaigusa, fanya vimtutor kwanza, somo la mazoezi linalokuja na Vim, ni bure na inachukua kama nusu saa. Na :help user-manual, mwongozo ulio ndani ya Vim yenyewe, pia bure, so kitabu lazima kikupe zaidi ya hiyo.

Jaribio langu la mwisho ni rejista, yaani mahali Vim inapohifadhi ulichokopi au kufuta. Umekopi neno kwa yiw, ukafuta jingine kwa diw, ukibonyeza p kubandika linatoka ulilofuta, sio ulilokopi, na hapa wanaoanza wanachanganyikiwa kweli. Tafuta kama kitabu kinakwambia kwamba ulichokopi bado kipo, unakitoa kwa "0p. Kama hakuna, mwandishi hajawaza mtu anayejifunza.