Saa ya dashibodi ya Corvette ya miaka ya 60 imesimama? Safisha ncha za umeme kwanza

Kabla ya kununua mashine mpya ya kwotzi (ya kielektroniki, isiyo na springi), ifungue saa yenyewe. Ng'oa waya wa betri, toa saa, kisha tafuta ncha mbili ndogo za chuma zinazogusana. Pitisha kipande chembamba cha msasa laini katikati yake, ukivute taratibu mara chache, halafu karatasi safi yenye spiriti mpaka itoke haina weusi. Saa hizi zinatembea kwa springi. Umeme kazi yake ni kuijaza tu. Springi ikilegea, ncha zinagusana, sumaku inapiga "tak!" na kuikaza upya, ikatosha kutembea dakika chache. Kila mguso una cheche, na cheche huacha masizi yanayozuia umeme. Usipake mafuta kwenye ncha hata kidogo. Ijaribu mezani kwa volti 12, ukiweka fyuzi ndogo.

Kusafisha hakutasaidia kama koili, yaani waya uliozungushwa kwenye sumaku, imeungua. Hilo hutokea sana betri ikichoka: sumaku inakosa nguvu ya kupiga, ncha zinabaki zimegusana, koili inachemka. Kwa hiyo gari likilala muda mrefu, chomoa betri.