Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukokotoa Namba za Vipeo vya Kumi

Anayetoka Malindi kuelekea kaskazini kupitia Gongoni huyaona mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa ya kina kifupi na kuachiwa jua na upepo. Tuseme mwanafunzi anataka kujua bwawa moja lina chumvi kiasi gani. Kwa utepe anapata urefu wa mita 54 na upana wa mita 46, kwa kijiti anapata kina cha mita 0.15, anachukua kwamba mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 na kwamba kila kilo ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi zilizoyeyuka, za kila aina na si ile ya kupikia peke yake. Kikokotoo kinamjibu kilo 13,367.025, naye anaziandika zote. Tarakimu nane zimepatikana kwa mtu aliyepima kina kwa kijiti.

Kosa hilo halikufanyika mwishoni, bali kabla hajaanza. Wanafunzi wetu husoma somo hili kwa Kiingereza, kwa hiyo nieleze kwamba tarakimu muhimu (significant figures) ni zile zinazotokana na kipimo chenyewe, ikiwemo ile ya mwisho ambayo mpimaji ameikisia kwa uangalifu. Kabla ya hesabu yoyote, rudi kwenye chombo cha kupimia na ujiulize kilikuwezesha kuona mpaka wapi. Kijiti kilichosomwa kwa sentimita nzima kimetoa 15, yaani tarakimu mbili, na hakuna kitufe kitakachoongeza ya tatu.

Baada ya hapo, andika kila kipimo kwa namba iliyo kati ya 1 na 10 ikizidishwa na kipeo cha kumi, kama 10³ ambayo ni 1,000. Faida yake kubwa ni kuondoa utata wa sifuri. Mtu akikuambia mzigo una kilo 4,500, huwezi kujua kama sifuri mbili za mwisho zilisomwa kwenye mizani au zimejaza nafasi tu, lakini 4.5 × 10³ ina tarakimu mbili, 4.50 × 10³ ina tatu, na 4.500 × 10³ ina nne, wala hapana ubishi. Kadhalika 0.00305 huwa 3.05 × 10⁻³, na sifuri za mbele, ambazo wengi huzihesabu, zinatoweka zenyewe. Kipeo hueleza ukubwa wa kitu. Hakina fungu katika hesabu ya tarakimu muhimu.

Tenga pia namba zisizotokana na kipimo. Magunia 12 yaliyohesabiwa ni 12 kamili, dakika ina sekunde 60 kamili, na tangu mwaka 1983 kasi ya mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde kwa mujibu wa fasili ya mita yenyewe. Namba za namna hii hazipunguzi tarakimu za jibu.

Sasa amua mapema jibu litabaki na tarakimu ngapi. Katika kuzidisha na kugawanya, kipimo chenye tarakimu chache kuliko vyote ndicho kinachotawala. Bwawa letu, kwa hiyo, linadai mbili: 1.3 × 10⁴, yaani tani 13. Hata hivyo, kukata tarakimu za ziada kufanyike mara moja, mwishoni. Mwanafunzi anayekata kila hatua atapata eneo la 2.5 × 10³ badala ya 2,484, kisha ujazo wa 3.8 × 10², kisha maji ya kilo 3.9 × 10⁵, na hatimaye chumvi ya kilo 1.4 × 10⁴. Ameongeza tani nzima, magunia ishirini ya kilo 50, ambayo hayakutoka baharini. Ziache tarakimu za ziada ndani ya kikokotoo, au ziandike pembeni ukipigia mstari ile ya mwisho yenye maana.

Kujumlisha na kutoa kuna sheria nyingine, na hapa ndipo hata waliobobea hujikwaa. Kwanza vipeo vilinganishwe, kisha huangaliwa nafasi ya tarakimu ya mwisho, si idadi yake: 3.82 × 10⁵ ukijumlisha 4.6 × 10³ ni 3.82 na 0.046, jibu likiwa 3.87 × 10⁵. Kutoa ni hatari zaidi. Lori likipimwa na gunia moja juu yake likawa kilo 1.462 × 10⁴, na bila gunia likawa 1.457 × 10⁴, tofauti ni 5 × 10¹: tarakimu moja tu, ingawa vipimo vyote viwili vilikuwa na nne. Dawa yake haimo katika hesabu; gunia lipimwe peke yake kwenye mizani ndogo.

Wakati mwingine tarakimu hupotea kwa kutenganisha vitu ambavyo havikuhitaji kutenganishwa. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, si mbali na mashamba hayo hayo ya chumvi. Anayekokotoa njia ya satelaiti anahitaji namba ya mvutano, G, ikizidishwa na tungamo la dunia. Zao la viwili hivyo linajulikana kwa tarakimu tisa hivi, 3.98600442 × 10¹⁴ kwa vipimo vya mita, kilo na sekunde, kwa sababu satelaiti zenyewe hulifichua. Lakini G peke yake, 6.674 × 10⁻¹¹, ni ngumu kupima maabarani, na ndiyo maana tungamo la dunia huandikwa 5.972 × 10²⁴ bila kwenda mbali zaidi. Mwenye zao tayari asiligawe.

Kwa logi, yaani kipeo ambacho kumi hupandishwa ili kupata namba fulani, tarakimu za baada ya nukta ndizo zinazohesabiwa: ayoni za haidrojeni zikiwa moli 7.9 × 10⁻⁹ kwa lita, pH, kipimo cha uasidi ambacho ni logi ya namba hiyo ikigeuzwa alama, ni 8.10, kwa kuwa ile 8 imetokana na kipeo.

Mwisho, kadiria jibu kichwani kabla ya kugusa kikokotoo. Hamsini mara hamsini mara 0.15 ni karibu 375. Mara elfu, mara 0.035, ni kama 1.3 × 10⁴. Anayebonyeza “× 10” kisha EXP, kitufe ambacho chenyewe tayari humaanisha “mara kumi kwa kipeo”, huzidisha kumi mara moja zaidi, na bwawa lake hutoa tani 130. Mwenye makadirio yake karatasini atasita hapo hapo na kuingiza namba upya.