Kitochi cha mama: mambo ya kufanya kabla hujapanda basi la kurudi mjini

Kila Desemba watu wanapoanza kurudi makwao, kibanda changu hapa Korogwe huuza vitochi kuliko kitu kingine chochote. Kijana anashuka kwenye basi, anamnunulia mama yake simu ya batani, anauliza swali moja tu, "Inakaa na chaji?", analipa, anaondoka. Januari anakuja mama mwenyewe, simu ameifunga kwenye pindo la khanga. "Mwanangu, hii simu mliyompa mdogo wako haiiti." Naishika, naitazama. Nzima kabisa. Kidole kimekandamiza alama ya reli (#) kwa muda, simu ikaenda kimya, na hakuna aliyemwonesha namna ya kuirudisha.

Kwa hiyo maelezo haya ni yako wewe mtoto unayeyasoma kwenye simu janja. Sharti langu ni moja. Ukishamaliza kuweka laini na betri, simu ishikwe na mama mpaka mwisho. Wewe elekeza kwa mdomo. Najua vidole vitakuwasha ukimwona anatafuta kitufe cha 7 kwa nusu dakika. Vumilia.

Hatua ya 1: Bado uko dukani

Washa simu, piga *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15 inayoitwa IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Simu ya laini mbili huonesha namba mbili. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi na chini ya betri. Zikipishana, rudisha hapo hapo. Zikilingana, itume ile namba kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, watakujibu simu ni ya kampuni gani na aina gani. Usione ni usumbufu. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na hapa mtaani wapo waliolala na simu wakaamka na tochi.

Kisha jaribu vitu vya kawaida. Bonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, chomeka chaja uitikise kidogo uone kama inakatakata, piga namba yako usikilize spika ya sikioni ukiwa umesimama kwenye kelele za stendi. Spika ikishindwa hapo, haitaweza jikoni kwenye mvua ya bati.

Mimi hupendelea simu ambayo betri yake inatoka, hasa zile zinazotumia BL-5C au inayofanana nayo. Betri hiyo utaipata hata kwenye duka linalouza mafuta ya taa na sabuni, na panapokosekana chaja ya simu, inachajiwa kwa chaja ya kobe, ile inayobana betri ikiwa nje ya simu. Simu nzuri yenye betri isiyopatikana kijijini inakufa mapema kuliko mbovu.

Hatua ya 2: Laini, kwa jina la mama

Hapa ndipo watoto wanapoharibu kwa nia njema. Mama yuko kijijini, wewe una haraka, unasajili laini kwa jina lako. Usifanye hivyo. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ile ya tarakimu 20. Siku simu ikidondoka shimoni na mama akataka kurudishiwa namba yake, kidole kitakachotakiwa ni chako, na wewe uko Mbagala. Tena mtu akimtumia pesa, jina litakalomtokea ni lako. Shemeji atasita, atapiga kuuliza, na wengine hawatatuma kabisa.

Mpeleke mwenyewe kwa msajili. Mashine ikikataa vidole vyake, asiambiwe "njoo kesho." Mikono ya jembe na ya mkaa hufuta michirizi ya vidole. Anawe kwa maji ya uvuguvugu, apake mafuta kidogo, afute vizuri, ajaribu kidole kingine. Mimi nimeshafika mpaka kidole cha nane. Mkimaliza, piga *106# kwenye laini hiyo hiyo uhakikishe jina lililosajiliwa ni lake, na uangalie kama kuna namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake asizozijua. Zipo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kadi ya laini siku hizi inakatika kwa saizi tatu. Vitochi vingi hutaka ile kubwa, kwa hiyo usikikwanyue kile kidogo cha katikati. Kama mama alikuwa na laini ndogo tangu zamani, itafutie fremu yake ya plastiki. Kuisukuma ikiwa peke yake ndiyo kazi inayonipa mimi hela ya ugali, maana inanasa ndani na kukunja vile vimeno vinavyoisoma. Upande wa dhahabu utazame chini, kona iliyokatwa ifuate mchoro uliochorwa kwenye simu.

Ile kadi ya plastiki ulikobandua laini usiitupe. Ina namba ya PUK. Laini ikiwa imewekewa PIN na mtu akaikosea mara tatu, simu itadai PUK, nayo ikikosewa mara kumi laini imekufa. Nikiwa mimi naizima kabisa PIN ya laini kwa watu wazima, kwa sababu inawasumbua kila simu ikizimika chaji. Hii usiichanganye na namba ya siri ya pesa. Hiyo tutaifikia.

Hatua ya 3: Chaji

Hakuna haja ya kuichaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha. Hayo yalikuwa ya betri za zamani. Ijaze, itumie, basi.

Hatua ya 4: Lugha, saa na sauti

Sasa mpe simu. Muulize kwanza: alishawahi kuwa na kitochi? Kama alikuwa nacho cha Kiingereza, usikimbilie kubadilisha lugha. Watu wazima wengi hawaisomi menyu, wanahesabu. "Nabonyeza katikati, nashuka mara mbili, nabonyeza tena." Ukihamisha kitu, umemfungia mlango. Kama ni simu yake ya kwanza, weka Kiswahili leo, na asije mjukuu akageuza.

Weka saa na tarehe kwa usahihi, maana zikikosewa hata kengele ya dawa ya presha italia usiku wa manane. Kwenye simu nyingi saa hupotea ukitoa betri, kwa hiyo mfundishe na kuirudisha.

Mlio weka wa kukoroma na mrefu, siyo ule mwembamba. Mtu aliyepungukiwa kusikia hukosa sauti nyembamba kwanza. Washa na mtetemo. Zima ile sauti inayotaja namba kila ukibonyeza, isipokuwa kama haoni vizuri. Kwake itakuwa msaada. Na mwoneshe lile jambo la mwanzo, kwamba kwenye simu nyingi ukishikilia # inanyamaza, ukishikilia tena inarudi. Mwambie afanye mara tatu mbele yako. Mwoneshe pia alama inayotokea juu ya kioo simu ikiwa kimya.

Hatua ya 5: Kupokea, kukata, kufungua vitufe

Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Mpigie ukiwa umekaa pembeni yake. Kitufe cha kijani kinapokea, chekundu kinakata. Mwache apokee, aseme haloo, akate. Halafu fanya tena simu ikiwa imejifunga, ili aone kwamba kupokea hakuhitaji kufungua vitufe. Wengi huhangaika kufungua huku simu inaita mpaka inakatika, kisha wanaogopa kuwa wameikosea kitu.

Kufungua kunatofautiana. Nokia nyingi unabonyeza kitufe cha katikati au cha kushoto kisha nyota (*). Nyingine unashikilia nyota peke yake. Soma kioo chenyewe, kinaelekeza. Kitufe chekundu kikishikiliwa kinazima simu, na hili lazima alijue kwa sababu ndilo linalofanya "simu kufa" akiwa anakata maongezi kwa kukandamiza kwa nguvu.

Mpapasishe kitufe cha 5. Kina kipele kidogo katikati. Akikipata kwa kidole gizani, namba nyingine zote anazijua zilipo. Tochi nayo mwoneshe kuwasha na kuzima, maana ikiachwa inawaka mkobani asubuhi hakuna chaji.

Na 112. Ni namba ya dharura, inapigwa bila salio, hata vitufe vikiwa vimefungwa. Eleza tu, msiijaribu.

Hatua ya 6: Majina

Usimwekee majina mia mbili. Weka kumi anaowapigia kweli, kwa majina anayowaita yeye. Wewe kwako ni Emanueli, kwake ni Ema. Namba zianze na +255. Chagua kuhifadhi kwenye laini kama majina ni machache, ili siku simu ikiharibika ahame nayo. Lakini laini ikipotea, nayo majina yamekwenda, hata akirudishiwa namba ile ile. Ndiyo maana namba hizo kumi ziandikwe pia kwa kalamu, herufi kubwa, kwenye daftari linalokaa kabatini.

Kwa mama asiyesoma kuna njia ya haraka. Simu nyingi zinakubali uweke namba ya mtu kwenye kitufe kimoja, ukikishikilia inapiga. Kitufe cha 1 kwa kawaida ni cha ujumbe wa sauti, kwa hiyo anzia 2. Binti mkubwa 2, kijana 3, jirani 4. Kuna mama mmoja wa Mombo alitia rangi ya kucha, nyekundu kwa binti, nyeupe kwa kijana. Tangu nimeona hilo, chupa mbili za rangi ya kucha zinakaa mezani kwangu.

Hatua ya 7: Pesa

Kila mtandao una namba yake: M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx by Yas ile iliyokuwa Tigo Pesa *150*01#. Shida ya menyu hizi kwa mtu mzima ni kwamba hazisubiri. Akichelewa kuandika, zinajifunga, anaanza upya, kijasho kinamtoka. Dawa yake ni karatasi. Kabla hajapiga, aandike namba ya anayemtumia na kiasi, aiweke mapajani, ndipo aanze. Mfanyie zoezi la kuangalia salio kila siku mpaka uondoke, mkono wake uizoee njia.

Namba ya siri achague mwenyewe, wewe ugeuke pembeni. Isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, kwa kuwa upo kwenye kitambulisho anachobeba mkoba mmoja na simu. Wakala hahitaji kuijua. Mjukuu hahitaji kuijua. Wewe pia. Akituma, kuna mahali simu inamtajia jina la mpokeaji kabla ya kuomba namba ya siri. Asimame hapo, asome au asomewe, ndipo aendelee.

Sasa matapeli. Ujumbe utamfikia, hilo sina shaka: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Ukimkuta kweli alikuwa na mtu anayemdai, atatuma. Kubalianeni leo kwamba hela haitumwi kwa namba mpya mpaka amsikie mhusika kwa sauti. Mwingine atapiga akijifanya wa kampuni ya simu, amwelekeze kubonyeza. Huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100 tu. Nyingine yoyote akate, na kukata siyo utovu wa adabu. Nasisitiza hili la adabu kwa sababu mama zetu wanatapeliwa kwa kuona haya kumkatia mtu simu. Namba ya tapeli iripotiwe kwa ujumbe kwenda 15040.

Hatua ya 8: Vinavyokula salio kimya kimya

Kwenye baadhi ya simu kitufe cha katikati au cha pembeni kinafungua intaneti. Kinagusika mfukoni, vocha ya elfu moja inayeyuka. Ingia kwenye mipangilio ya njia za mkato, weka hapo redio au kengele. Kingine ni miito ya simu, ile nyimbo anayoisikia anayempigia. Ukiwa unasikiliza wa mwenzio unaambiwa bonyeza nyota uupate, unabonyeza, unakatwa kila mwezi. Mwambie akimpigia mtu asibonyeze kitu chochote wakati anasubiri apokelewe.

Na ujumbe wa matangazo ufutwe. Kitochi kikijaa, ujumbe mpya hauingii, ukiwemo ule wa pesa uliyomtumia, halafu ugomvi unaanza kati yenu bure. Mfundishe kufuta mmoja mmoja. Akifuta yote kwa mpigo, atafuta na ya maana.

Mkishamaliza, toka nje bila kumwambia. Nenda mpaka barabarani, mpigie. Akipokea mwenyewe, mwambie akate, asubiri dakika moja, akupigie yeye. Isipoingia kwako, rudi ndani mkaanze tena hatua ya 5, na basi la saa nne liende.