Jinsi ya kusoma mkunjo wa mwamba kwa dira, maji na kipimapembe

Vijana wengi ninaowapokea huku Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, hutazama umbo la kilima, kisha wanatangaza wameuona mkunjo, yaani pale matabaka ya mwamba yalipopindwa. Kilima kimechongwa na mvua na upepo. Tabaka lililokunjwa kwenda juu linaweza kuliwa mpaka likabaki bonde. Achana na mandhari, soma mwamba wenyewe.

Tafuta kwanza tabaka moja utakalolitambua popote. Kwetu ni mwamba geu (uliobadilishwa na joto na mgandamizo) wenye kinywe, yale madini ya penseli: mweusi, unachafua vidole, na haukai mbali na marumaru. Hakikisha jiwe bado limeshikana na ardhi, maana bonge lililoporomoka litakudanganya.

Mwaga maji kidogo juu ya uso wa tabaka. Yanakokimbilia ndiko tabaka linakoinamia. Soma upande huo kwa dira. Nyundo na simu viwe mbali, sumaku haina urafiki navyo. Kisha laza rula kufuata njia ya maji, ncha yake itokeze nje ya mwamba. Linganisha nayo ukingo ulionyooka wa kipimapembe, nusu duara ikitazama chini, na katikati ning'iniza uzi wenye nati. Hesabu digrii kati ya uzi na alama ya 90: huo ndio mwinamo. Andika palepale, mfano “kaskazini-magharibi, 40”.

Vuka eneo ukipima hivyohivyo. Matabaka yakiinama kukimbiana, mkunjo umepanda. Yakiinama kuelekeana, umeshuka. Usiharakishe kusema lipi ni kongwe. Miamba yetu imekunjwa zaidi ya mara moja, na tabaka la chini huenda ndilo lililokuwa juu.

Sasa piga magoti. Mikunjo midogo ya ukubwa wa kiganja ndiyo naiamini kuliko yote, kwa sababu huwa inafuata ule mkubwa usioweza kuuona. Ikiwa na umbo la M, uko karibu na kona ya mkunjo mkubwa, pale tabaka linapogeukia. Ikiwa S au Z, uko ubavuni, na herufi ikibadilika njiani ujue umeivuka kona. Itazame daima kuelekea upande ambao kona yake inazama ardhini, la sivyo S ileile utaisoma Z. Pima na mzamo huo kwa dira, ndio utakaokuambia kona kubwa inaelekea wapi chini.

Miamba hii ilikunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana, ikiwa kina kirefu chenye joto la kuifanya ijongee polepole bila kupasuka. Lakini si yote hulainika sawa. Tabaka gumu lililobanwa katikati ya laini huvutwa, likakonda na kukatika vipande kama soseji. Viangalie vipande hivyo kwa makini, hasa mapengo kati yao, kwa kuwa vimiminika vya moto vilipita humo. Tanzanaiti ya hapa hupatikana zaidi kwenye mifuko ya aina hiyo na kwenye kona za mikunjo, ndiyo maana anayechimba shimo moja kwa moja bila kufuata kona anachoma baruti bure.

Ukirudi kambini, chora vipimo vyote kwenye karatasi yenye miraba siku hiyohiyo. Penye shaka weka alama ya kuuliza, wala usiunganishe mistari kwa kukisia.